Uzi: Bhakti, mahaba ya mja kwa Mungu katika dini ya Kihindu. Maana yake na namna inavyofanywa

#1 MezaYaVitabu

Wakuu salaam. Kila ukizuka mjadala wa dini ya Kihindu humu, hoja huishia kwenye idadi ya miungu na masanamu, na kiini kinarukwa. Wahindu walio wengi hawaiishi dini yao kwa falsafa ya nafsi na ulimwengu. Wanaiishi kwa bhakti: kumpenda Mungu kama mtu anavyompenda mtoto wake, rafiki, bwana wake au mpenzi wake, na kumtumikia kwa mapenzi hayo. Nimefungua uzi huu tuijadili bhakti peke yake, kwa undani.

Tuanze na vitabu. Bhagavad Gita ina sura 18 na beti 700. Sura ya 12, yenye beti 20 tu, ndiyo inayoitwa sura ya bhakti, lakini ubeti unaotajwa sana majumbani uko sura ya 9, ubeti wa 26. Hapo Krishna, Mungu katika umbo la mtu, anasema kwamba anayempa jani, ua, tunda au maji kwa mapenzi, yeye hukipokea. Maskini kabisa hakosi kimojawapo. Kuna pia Narada Bhakti Sutra, kijitabu cha vifungu 84, kinachosema bhakti ni mapenzi ya juu kabisa kwa Mungu, na kwamba aliyeyapata hatamani kingine, hahuzuniki wala hachukii.

Kitabu kinachobeba somo hili kuliko vyote ni Bhagavata Purana, chenye sehemu 12. Katika sehemu ya 7, mtoto Prahlada anaulizwa na baba yake, mfalme anayemchukia Vishnu, ni jambo gani zuri kuliko yote alilojifunza kwa mwalimu. Anajibu kwa kutaja njia tisa: kusikia habari za Mungu, kumwimba, kumkumbuka, kuihudumia miguu yake, kumfanyia ibada kwa vitu, kumsujudia, kuwa mtumishi wake, kuwa rafiki yake, na kujitoa kwake mzima mzima.

Masikio yametangulia kwa sababu huwezi kumpenda usiyemjua, na kumjua kunaanza kwa kusimuliwa. Mikono na magoti yanafuata. Urafiki unakuja wa nane, baada ya utumishi. Msimamo wangu ni huu: bhakti ni kazi inayofanywa kila siku kwa mwili mpaka moyo unaifuata. Mwenye kusubiri hisia zishuke kwanza atasubiri sana.

#2 KisimaChaJuu

Mkuu, umeeleza vizuri. Lakini kuna jambo linatutatiza wengi. Hiyo "ibada kwa vitu" ina maana sanamu inaoshwa, inavalishwa, inapelekewa chakula, inalazwa usiku. Mungu asiye na haja ya kitu, chakula cha nini?

#3 MtunzaTaa

@KisimaChaJuu swali lako wanalijibu wenyewe tangu zamani: hana haja, ila anayependa ana haja ya kutoa. Mapenzi yasiyo na kazi ya kufanya yananyauka. Kwa hiyo Mungu anaombwa akae katika umbo linaloweza kuhudumiwa, na mja anapata cha kumfanyia kuanzia alfajiri hadi usiku.

Utaratibu kamili wa puja, yaani hiyo ibada ya kuihudumia sanamu, una huduma 16, na ukiutazama ni ukarimu wa mgeni mheshimiwa: kumkaribisha, kumpa kiti, kumwosha miguu, kumpa maji ya mikono na ya kusukutua, kumwogesha, kumvika, kumpaka liwa ya msandali, maua, udi, taa, chakula, tambuu, mpaka kumzunguka na kumsujudia. Idadi hubaki 16 ingawa mapokeo yanatofautiana kuhusu zipi zihesabiwe. Nyumbani, mtu mwenye haraka ya kazi hufanya tano tu: liwa, maua, udi, taa, chakula. Hizo tano zinatosha.

Chakula ndipo makosa yanapotokea mengi. Kwa Wavaishnava (waja wa Vishnu, Krishna na Rama) hakuna nyama, samaki, mayai, vitunguu wala vitunguu saumu. Mpishi anaoga kwanza. Haonji, hata kwa ncha ya ulimi, wala hainusi sufuria kwa kuifurahia, maana anayetakiwa kuonja wa kwanza siye yeye. Matokeo yake ni chakula kisicho na chumvi au kilichozidi, na dawa ni kupima: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila vikombe viwili vya mchele, na usibadilishe kijiko. Pakua kwenye sahani isiyotumiwa na watu. Weka jani la tulasi, ule mmea wa jamii ya kivumbasha, juu ya kila chakula, na maji ya kunywa pembeni. Gonga kengele kwa mkono wa kushoto huku ukisema maombi, vuta pazia, ondoka. Baada ya kama robo saa rudi, toa sahani, hamishia chakula kwenye vyombo vya watu, osha ile sahani papo hapo. Kilichotoka pale kinaitwa prasadi na hakirudishwi kuliwa na Mungu mara ya pili, kwa hiyo usikichanganye na kilichobaki sufuriani kama unataka kutoa tena jioni.

Kuogesha nako kuna mambo yake. Mchanganyiko wa vitu vitano ni maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Kwa sanamu ndogo ya nyumbani kikombe kimoja cha maziwa kinatosha, nusu kikombe cha mtindi, kijiko kikubwa cha sukari, kijiko cha chai cha asali na nusu yake ya samli. Samli na asali hazilingani kipimo, kwa kuwa tiba ya Kihindi inakataza mchanganyiko huo uwe sawa kwa sawa, na watu watakuja kuunywa. Usiuweke kwenye chombo cha shaba nyekundu: uchachu wa mtindi unaitafuna shaba. Tumia fedha au chuma kisichoshika kutu. Ukimaliza, suuza kwa maji ya uvuguvugu hadi mikunjoni. Samli ikibaki kwenye mikunjo ya nguo iliyochongwa, inashika vumbi, inaleta sisimizi, na shaba nyeupe inaota ukijani. Sanamu ya udongo iliyopakwa rangi haiogeshwi kabisa. Unaogesha kioo kinachoonyesha sura yake.

Na jani la tulasi ni la Vishnu. Kwa Shiva, mungu mwingine mkuu, peleka majani ya mti wa mbilva, yale ya vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja, yasiyotoboka. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, hapewi tulasi.

#4 MtunzaTaa

Nimesahau kutaja mfano mkubwa zaidi. Katika njia iliyoasisiwa na Vallabha (1479–1531), Krishna anatunzwa kama mtoto mdogo. Huko Nathdwara, Rajasthan, pazia linafunguliwa mara nane kwa siku: kuamshwa alfajiri, kuvalishwa, wakati wa kupeleka ng'ombe malishoni, mlo mkuu wa mchana, kuamshwa baada ya usingizi wa mchana, kitafunio, jioni ng'ombe wanaporudi, na kulala. Kila ufunguzi una nguo zake, nyimbo zake na chakula chake. Wakati wa baridi anavalishwa nguo zenye pamba ndani na kuwekewa jiko la makaa. Wakati wa joto anawekewa maji na maua yenye ubaridi. Hapo hekalu linaitwa haveli, jumba la kuishi. Biashara nyingi za Kigujarati zilizofika Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa za familia za Wavaishnava, na njia hii ilikuja nao.

#5 KisimaChaJuu

Nimekusoma mkuu. Hiyo ya mtoto imenifungua macho. Lakini sasa haiwi hatari mtu akamhudumia jiwe vizuri na jirani yake akalala njaa?

#6 MezaYaVitabu

Hatari hiyo Bhagavata imeitaja bila kuficha. Sehemu ya 3, sura ya 29: Mungu anasema yumo ndani ya viumbe wote, na anayempuuza humo akaenda kuabudu sanamu anafanya sawa na kumwaga sadaka kwenye majivu. Sadaka ya Kihindi humwagwa motoni. Majivu hayawaki, kwa hiyo samli imepotea.

Sura hiyohiyo inapanga bhakti kwa nia. Anayeabudu ili kumdhuru mtu au kwa kiburi na wivu yuko chini kabisa. Anayetafuta starehe, sifa au mamlaka yuko juu yake kidogo. Anayefanya kwa wajibu na kutakasika yuko juu zaidi. Wa mwisho ni yule ambaye moyo wake unamwendea Mungu bila kukatika wala sababu, kama mto Ganga unavyokwenda baharini, na akipewa hata wokovu wenyewe anaukataa kama hauambatani na utumishi. Hili la kuukataa wokovu ndilo linaloitenga bhakti na njia nyingine za Kihindu. Kwa wengine kutumikia ni ngazi, na ukifika juu ngazi unaiacha. Kwa hawa kutumikia ndiko kufika.

#7 SautiYaAlfajiri

Naomba kuchangia upande wa jina, kwa sababu ndiyo bhakti ya watu wengi wasio na nafasi ya puja ndefu.

Tasbihi yao ina punje 108 na moja kubwa ya kichwa. Wavaishnava hutumia mti wa tulasi, Washaiva (waja wa Shiva) mbegu za rudraksha. Unashika kwa mkono wa kulia, punje ikikaa kati ya kidole gumba na cha kati. Kidole cha shahada kinabaki nje. Wengi huiweka ndani ya mfuko wa kitambaa wenye tundu la kutolea kidole hicho. Unaanza punje iliyo jirani na kichwa, unasema mantra yote (maneno ya sala yanayorudiwa), unasogeza, mpaka ufike upande wa pili. Kichwa hakirukwi: unaigeuza tasbihi na kurudi ulikotoka.

Wafuasi wa Chaitanya (1486–1534) wa Bengal wana mantra ya maneno 16: Hare Krishna Hare Krishna, Krishna Krishna Hare Hare, Hare Rama Hare Rama, Rama Rama Hare Hare. Katika jumuiya iliyoanzishwa New York mwaka 1966, ile ambayo watu huiita kwa maneno ya mantra yenyewe, aliyepewa daraja ya uanafunzi anaahidi mizunguko 16 kila siku. Piga hesabu: mantra 1,728. Mzunguko mmoja kwa mzoefu ni kama dakika saba, hivyo ni karibu saa mbili.

Kinachoharibika ni kilekile kila mahali. Mtu akikimbiza, silabi zinamezwa: "Krishna" inakuwa "Kisha", "Hare" inakosa sauti ya mwisho. Dawa ni kusema kwa sauti inayosikika na sikio lako mwenyewe, kisha usikilize. Kazi ya akili hapo ni kusikia tu, haijatakiwa kuleta picha wala hisia. Kosa la pili ni kuahidi mingi. Anayeanza na mizunguko 16 wiki ya kwanza huwa ameacha kabla mwezi haujaisha. Anayeshika miwili bila kukosa anaongeza. Kosa la tatu ni kubwa zaidi, nalo limo kwenye orodha yao ya makosa kumi dhidi ya jina: kutenda dhambi kwa kutegemea kwamba jina litaifuta. La kwanza kwenye orodha hiyo ni kuwatukana waja wa Mungu.

#8 Mwana_wa_Nzega

Wakuu, swali gumu. Krishna na wale wanawake wa wachungaji. Wanaacha waume na watoto usiku, wanakwenda kucheza naye msituni. Mnataka tuamini haya ni mapenzi ya Mungu?

#9 MezaYaVitabu

Swali hilo mfalme Parikshit aliuliza ndani ya kitabu kilekile, tena kwa ukali. Habari iko sehemu ya 10, sura 29 hadi 33. Msimuliaji Shuka anamjibu kwamba Mungu yumo ndani ya wanawake wale na waume zao pia, na anaweka onyo: mtu asiye na uwezo huo asithubutu kuiga hata moyoni, kwani Shiva alikunywa sumu ya bahari, na mwingine akiinywa atakufa.

Wanazuoni wa Bengal walilichambua jambo hili kuliko wote. Rupa Goswami, katika kitabu alichokamilisha mwaka 1541, anapanga mapenzi kwa uhusiano: utulivu wa kustaajabu, utumishi, urafiki, mapenzi ya mzazi, na mapenzi ya mpenzi. Kila moja linabeba lililotangulia na kuongeza lake. Mtumishi anaheshimu, rafiki anaheshimu na anathubutu kumpanda Krishna mgongoni wakicheza, mama anamwadhibu, mpenzi anatoa vyote hivyo na nafsi yake juu. Kadiri mapenzi yanavyozidi, ndivyo hofu ya ukuu wa Mungu inavyopungua.

Kipimo cha kutofautisha na tamaa kimewekwa wazi na shule hiyo: tamaa inataka raha yangu, mahaba yanataka raha yake. Wale wanawake walihatarisha heshima yao na hawakupata kitu. Krishna alihamia Mathura na hakurudi kuishi nao. Kilichobaki ni kiu ya kutengana, na waja wengi wanaiweka juu ya kukutana, kwa sababu aliye mbali anafikiriwa kila dakika. Msomaji aliyezoea mashairi ya mahaba ya masufi hatapotea njia hapa.

Lakini huanzi hapo. Rupa anapanga hatua tisa: imani, kukaa na watu wema, mazoezi, kuondokewa na tabia mbaya, uthabiti, ladha, kushikamana, chipukizi la mahaba, na mahaba kamili. Mapenzi ya kimpenzi ni habari ya huko juu. Anayekwama hukwama sana kwenye hatua ya nne, akiwa na machozi mengi kwenye nyimbo na hasira ileile nyumbani. Machozi hayahesabiwi kuwa alama ya kufika. Rupa anaorodhesha uvumilivu, kutopoteza muda, kutojali anasa na kukosa kiburi kabla ya kufikia ladha ya kuliimba jina.

#10 Mawimbi_Saba

Kwa heshima, uzi huu unaelekea Kaskazini na Bengal peke yake. Bhakti ya nyimbo ilichanua kwanza kusini, kwa Kitamil, miaka mingi kabla ya Chaitanya: washairi watakatifu waitwao Maalvar, 12, waliomwimba Vishnu, na Manayanar 63 wa Shiva. Nyimbo za Maalvar, karibu beti 4,000, zinaimbwa hekaluni Srirangam hadi leo. Andal, mwanamke pekee kati ya wale 12, alitunga beti 30 zinazoimbwa alfajiri, ubeti mmoja kila siku, mwezi wa Margazhi, kati ya Desemba na Januari.

Na @MtunzaTaa, sheria zako za jikoni nitazijibu kwa Kannappa. Huyu alikuwa mwindaji wa Kalahasti. Alimpelekea Shiva nyama aliyoionja ili achague vipande vitamu, maji aliyoyabeba mdomoni, maua aliyoyachomeka nyweleni, na majani yaliyowekwa na kuhani wa hekalu aliyafagia kwa mguu wenye kiatu. Jicho la Shiva lilipotoka damu, alilitoa lake akaliweka. La pili lilipoanza, akaweka mguu pale ili asipotee akiwa kipofu, akaelekeza mshale kwenye jicho lake lililobaki. Shiva akamzuia. Sekkilar aliyeandika habari hii karne ya 12 anamweka mwindaji juu ya kuhani. Kanuni zote zilivunjwa, mahaba yakakubaliwa.

#11 MtunzaTaa

Mkuu, Kannappa hakubishaniwi, na nimefurahi umemleta. Lakini angalia alichofanya: alionja kwa ajili ya Shiva. Kila alichovunja kilimgharimu, na mwisho kilimgharimu jicho. Anayeonja mchuzi leo akisema "Kannappa alionja" anaonja kwa ajili ya ulimi wake. Kanuni zinamlinda mtu ambaye mapenzi bado madogo. Walimu wenyewe wanatenganisha bhakti ya kanuni na bhakti inayofuata mvuto wa moyo, na wanaonya kwamba ya pili haivamiwi. Wala kuhani wa Kalahasti hakufukuzwa. Aliambiwa ajifiche nyuma ya sanamu aone.

#12 Mawimbi_Saba

Hapo tumekutana. Basi niongeze swali ambalo kusini waligawanyika kwalo: mja anafika kwa jitihada zake au kwa rehema?

Pande zote mbili ni wafuasi wa Ramanuja, mwalimu mkuu wa Wavaishnava wa kusini, na wote wanakubali kujisalimisha kwa Mungu, jambo lenye sehemu sita: kukusudia yanayompendeza, kuacha yasiyompendeza, kuamini kwamba atalinda, kumchagua yeye awe mlinzi, kukabidhi nafsi, na kukiri unyonge. Tawi la kaskazini, la Vedanta Desika, linasema mtoto wa nyani humshika mama yake, kwa hiyo lazima ushike. Tawi la kusini, la Pillai Lokacharya, linasema mtoto wa paka hubebwa shingoni na mama. Akipapatika anazuia tu. Hoja za tofauti kati yao zinahesabiwa 18, na utawatambua kwa alama ya paji la uso: ya kaskazini ina umbo la U, ya kusini inafanana na Y, ina mkia unaoshuka puani.

#13 MezaYaVitabu

Na Wabengali wanajibu kwa kamba ya Yashoda, mama mlezi wa Krishna. Bhagavata, sehemu ya 10, sura ya 9: mama anataka kumfunga Krishna aliyevunja chungu cha mtindi. Kamba inapungua vidole viwili. Anaunga nyingine, bado vidole viwili. Anaunga zote za nyumbani, vidole vilevile viwili. Mtoto alipoona mama ametoka jasho na maua yamemdondoka nyweleni, akakubali kufungwa. Wafasiri wanasema kidole kimoja ni jasho la mja, cha pili ni huruma ya Mungu inayoamshwa na jasho hilo. Mimi naona tafsiri hii inakaa vizuri kuliko zote mbili za kusini, ingawa najua @Mawimbi_Saba hatakubali.

#14 Mawimbi_Saba

Sikubali. Kamba za mwanzo hazikuwa na kosa lolote, na jasho halikuzirefusha. Huyo ni paka.

#15 Mwana_wa_Nzega

Nimejibiwa swali langu, asanteni. Lakini tabaka? Hawa waliotengwa wanaambiwa wapende wakiwa nje ya mlango?

#16 SautiYaAlfajiri

Jeraha la kweli hilo, na nyimbo zenyewe zinalisema. Chokhamela wa Maharashtra, karne ya 14, alikuwa Mmahar, mtu wa jamii iliyotengwa, asiyeruhusiwa kuingia hekalu la Vitthal (umbo la Krishna) mjini Pandharpur. Aliimba kwa Mungu aliyekatazwa kumkaribia, na kaburi lake liko chini ya ngazi za hekalu lilelile. Kila mwaka mahujaji hutembea kutoka Alandi na Dehu, majuma kama matatu, karibu kilomita 250, wakibeba viatu vya watakatifu washairi Jnaneshwar na Tukaram kwenye machela hadi siku ya 11 ya mwezi wa Ashadh. Njiani wanainamiana miguuni bila kuulizana tabaka. Na bado mlango wa hekalu hilo ulifunguliwa kwa waliotengwa mwaka 1947 tu, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula. Mashairi yalitangulia karne sita na mlango ukakawia. Tusiifiche habari hiyo tunapoisifu bhakti.

#17 KisimaChaJuu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Jirani wa Kihindu amenialika hekaluni baada ya Diwali, anasema kutakuwa na mlima wa chakula. Nifanyeje nisimkosee?

#18 MtunzaTaa

Hiyo ni Annakut, siku inayofuata Diwali, ambayo pia huangukia mwaka mpya wa Kigujarati. Wanakumbuka Krishna alivyouinua mlima Govardhan kwa siku saba kuwakinga watu na mvua. Vyakula hupangwa kwa ngazi mbele ya sanamu, vitamu karibu, vya chumvi nyuma yake. Mahekalu ya Swaminarayan (jumuiya ya Kihindu yenye asili ya Gujarat) ya Nairobi na Dar es Salaam huifanya kwa ukubwa.

Viatu acha nje. Kwenye mahekalu mengi ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa pande tofauti, kwa hiyo tazama wanakoelekea wenzako. Usiguse chakula kilichopangwa. Wakati wa arati, yaani ibada ya taa, taa huzungushwa mbele ya sanamu kuelekea mkono wa kulia, kisha huletwa kwa watu kwenye sinia: wao hupitisha viganja juu ya mwali na kugusa macho au kichwa. Mgeni halazimiki; simama tu kwa heshima. Usiipulize kamwe taa yoyote kwa mdomo. Prasadi hupokelewa kwa mkono wa kulia. Kama dini yako haikuruhusu kula kilichotolewa, mwambie jirani yako mapema nyumbani kwake, kabla hamjakwenda. Ukishaipokea mkononi, kuiacha kwenye kiti au kuitupa ndiko kutakakomuumiza.

#19 KisimaChaJuu

Nimeelewa, mkuu. Nitamwambia leo jioni.